Gome kavu kwenye mti wa upinde: kazi ya kisu butu

Upinde ukivunjika, mwenyewe huulaumu mti. Atasema ulikuwa mbichi, ulikuwa na kasoro, ulikatwa mwezi mbaya. Lakini okota vile vipande viwili, uvifuate kwa ukucha hadi pale ufa ulipoanzia, na mara nyingi utakuta mkato mdogo wa chuma, wa kina kisichofika hata milimita moja, uliokuwapo tangu siku ya kubambua gome. Kazi ambayo wengi huihesabu kuwa usafi wa kutangulia uchongaji ndiyo iliyouvunja. Na mti unapokuwa umekwisha kukauka pamoja na gome lake, kazi hiyo hugeuka kuwa ngumu kuliko uchongaji wenyewe.

Upinde una pande mbili: tumbo, linalomtazama mpiga mshale, na mgongo, unaotazama mawindo. Upote ukivutwa, nyuzi za mti upande wa tumbo hugandamizwa na zile za mgongoni hunyooshwa. Unyuzi ulio mbali zaidi na katikati ndio unaobeba mzigo mkubwa kuliko wote, na mgongoni unyuzi huo ndio uliokuwa umeguswa na gome. Mti mkavu usio na dosari huhimili kunyooshwa kama mara mbili ya unavyohimili kugandamizwa, kwa hiyo mgongo kwa asili yake si upande dhaifu. Sharti lake ni kwamba nyuzi ziwe nzima kutoka ncha hadi ncha.

Sharti hilo lina takwimu zake. Maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani, iliyoanzishwa mjini Madison mwaka 1910, ilipima mbao nyingi ambazo nyuzi zake hazifuati urefu wa ubao. Nyuzi zikikengeuka sentimita 1 katika kila sentimita 10, uwezo wa ubao kuhimili kupindwa hupungua kwa karibu moja ya tano. Zikikengeuka sentimita 1 katika kila 5, unapungua kwa karibu nusu. Kisu kikali kinapozama mgongoni na kutoka tena, kikaacha kibonde kama cha kijiko, kimefanya jambo lilelile katika eneo la upana wa kidole: nyuzi zilizokuwa zinapita sasa zinaishia hewani. Mti haujui kama kasoro imeletwa na asili au na fundi.

Kabla ya kurudi kwenye kisu, tuone mti wenyewe hutoka wapi kwa fundi wa Kirotshe, mashariki mwa Kongo. Kirotshe iko ukingoni mwa Ziwa Kivu, katika wilaya ya Masisi, kwenye barabara inayotoka Sake kuelekea Minova. Ziwa lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyopanda kuelekea Masisi kati vina mvua sehemu kubwa ya mwaka, isipokuwa kiangazi cha Juni hadi Agosti na kile kifupi cha mwanzoni mwa mwaka. Mti unaopatikana kwa urahisi huko ni mkaratusi, uliopandwa kwa ajili ya nguzo, mbao na makala. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 shirika la WWF, kupitia mradi wake wa EcoMakala, limewahimiza wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala ili watu wa mji wa Goma wasiendelee kuila misitu ya Mbuga ya Virunga. Kuna pia grevilea, na juu zaidi milimani kuna Dombeya, ambayo jirani zetu wa Rwanda huiita umukore. Mtu wa huko akitaka kuchonga upinde, kwa ajili ya ngoma, mchezo au maonyesho, hana haja ya kuingia mbugani, na asiingie, maana kuwinda ndani ya mbuga za Virunga na Kahuzi-Biega ni kosa. Ataenda kwenye rundo la nguzo lililoegemezwa ukutani. Na nguzo hizo, zilizokaa miezi kadhaa, zina gome.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu gome la mti mbichi na gome la mti mkavu hayashikani na mti kwa namna moja.

Kati ya gome na mti kuna tabaka jembamba la seli zinazogawanyika, kambiamu, ambayo huzalisha mti kwa upande wa ndani na gome kwa upande wa nje. Mti unapokua kwa kasi, wakati wa mvua, seli hizo huwa nyingi, zimejaa maji, na kuta zake ni nyembamba mno. Ukichanja gome na kulivuta, seli hupasuka zenyewe na gome linatoka kwa utepe mrefu, likiacha mti mweupe, laini, unaoteleza. Waganda wanaotengeneza kitambaa cha gome la mutuba wanalijua hilo vizuri kuliko yeyote: gome huvunwa msimu wa mvua, mti ukiwa bado umesimama, kisha shina hufungwa majani ya migomba ili liote gome jipya. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na ukaingizwa katika orodha yake rasmi mwaka 2008. Watu huusifu kwa nyundo za mbao zinazopondea gome. Mimi nauona ujuzi mkubwa zaidi katika uchaguzi wa majira.

Mti uliokatwa kiangazi, kambiamu ikiwa imetulia, au uliokatwa wakati wowote ukaachwa na gome mpaka ukakauka, hauna tena tabaka hilo laini. Utomvu, sukari na kuta za seli zilizokufa vimekauka pamoja na kuwa gundi. Ukilazimisha gome kwa kulibandua, mahali pengine linatoka, mahali pengine linang'oa kibanzi cha mti pamoja nalo. Kibanzi hicho ndicho mkato uleule niliousema, umefanywa na mkono badala ya chuma.

Basi kwa nini mtu aache gome hadi likauke? Sababu nzuri ipo. Mti hupoteza maji kupitia ncha zake kwa kasi kubwa sana, na kupitia ubavuni polepole. Gome huupunguza zaidi ule mwendo wa ubavuni. Mti ukiwa wazi katika jua la adhuhuri, tabaka la nje hukauka na kusinyaa wakati la ndani bado limejaa maji, na matokeo yake ni nyufa ndefu mgongoni, pale pale usipozitaka. Gome huuzuia mgongo usipasuke. Gharama yake ni wadudu. Chini ya gome lililokufa mna chakula na kivuli. Mende wa miti hutaga humo, na bungua huanza kula mti wa nje, ule mweupe wenye wanga. Ukisikia msagiko usiku na kuona unga mwembamba sakafuni, umekwisha kuchelewa. Suluhisho la kale la nyumba za vijijini, kuuweka mti juu ya mahali pa kupikia, linatibu mambo mawili kwa wakati mmoja: joto dogo la kila siku hukausha bila haraka, na moshi huwafukuza mende. Ncha zipakwe nta au rangi nzito ili zisipasuke. Anayefanya hivi anaweza kuacha gome bila hofu kubwa. Anayeegemeza nguzo ukutani nje, karibu na udongo, anafuga bungua.

Sasa tuchukue kipande cha mkaratusi kilichopasuliwa kutoka nguzo ya unene wa mkono, kirefu kama mita moja na nusu, kikavu, na gome lake upande mmoja.

Mkaratusi una tabia ya peke yake inayostahili kutajwa kabla ya kisu kugusa. Shina likiwa limesimama, mti wa nje uko katika hali ya kuvutika na wa ndani katika hali ya kugandamizwa. Ndiyo sababu gogo la mkaratusi hupasuka nchani lenyewe mara linapoangushwa, na nguzo ikipasuliwa katikati, kila nusu hujipinda kuelekea upande wa gome. Kwa seremala wa milango hiyo ni laana. Kwa mchonga upinde ni zawadi, kwa sababu ncha zimejipinda kuelekea mgongoni, yaani kinyume na upande ambao upote utazivuta, na upinde utakuwa na nguvu tangu mwanzo wa kuvuta. Lakini mkaratusi pia hupenda kuota kwa kujisokota. Tazama gome: mistari yake ikilizunguka shina kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo zinafanya hivyo, na hakuna ubambuaji wa uangalifu utakaouokoa mgongo huo. Kikate kuni.

Hatua ya kwanza ni gome la nje, lile gumu, lililokufa, lenye magamba. Hili liondolewe kwa chuma kikali bila woga, maana bado uko mbali na mti. Panga lililoshikwa kwa mikono miwili, ncha yake ikiwa imefungwa kitambaa, likavutwa kuelekea kwako huku kipande kimebanwa kati ya magoti, linafanya kazi nzuri. Rangi ndiyo itakayokusimamisha. Gome la nje ni la kijivu au kahawia iliyokufa. La ndani lina wekundu, au unjano, au hata ukijani kidogo uliobaki. Mara tu rangi inapogeuka kwenye eneo la ukubwa wa sarafu, weka panga chini. Mafundi wengi huharibu upinde hapa, kwa sababu panga limekuwa likienda vizuri, mkono umepata mwendo, na milimita mbili za mwisho zinaonekana kuwa jambo dogo.

Gome la ndani halikatwi. Linakwanguliwa, na kabla ya kukwanguliwa linarudishiwa maji kidogo. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kikazungushwa juu ya sehemu ya urefu wa mkono na kuachwa robo saa hadi nusu saa, hulainisha gome la ndani ambalo kwa umbile lake hunyonya maji haraka kuliko mti ulio chini yake. Watu hukosea kwa kuzamisha kipande kizima katika pipa usiku kucha. Hapo mti wenyewe unarudi kuwa mbichi, nyuzi za juu huvimba na kulegea, na kikwanguo kinazinyanyua. Maji yafike kwenye gome, yasivuke. Fanya sehemu moja, imalize, hamia nyingine.

Kikwanguo kiwe butu. Mgongo wa kisu, kipande cha msumeno uliochakaa, ubavu wa panga kuukuu: chochote chenye ukingo mnyoofu usioweza kuuma mti mkavu lakini unaoweza kusukuma gome lililolainika. Kishikwe wima, kivutwe kufuata nyuzi, kamwe kisizikate kwa upande. Kigae cha chupa hutumiwa sana, nami sikikatai, ila kigae kipya kina makali kuliko kisu chochote nyumbani. Kinafaa kwa tumbo, au kwa mgongo baada ya kuchakaa. Ishara nzuri zaidi ya kwamba umefika ni kinachotoka kwenye ukingo wa kikwanguo. Gome hutoa chembe na makombo yanayovunjika. Mti hutoa vinyuzi vyembamba vinavyojikunja. Ukiona kinyuzi cha kwanza kilichojikunja, umefika, na umepita kidogo.

Uso unaotafutwa una sura yake. Mti haukui kwa unyoofu wa meza ya seremala. Chini ya gome kuna mawimbi madogo, mabonde na vifundo, na uso wote unang'aa kwa mbali. Kishike kipande dhidi ya mwanga wa jioni unaokuja kwa pembeni. Pale penye mng'ao wenye mawimbi, mti ni kama ulivyojitengeneza. Pale palipo bapa na pamefifia, chuma kimepita. Hamu ya kulainisha mawimbi hayo kwa msasa ni ya kila fundi aliyefunzwa kutengeneza meza, na lazima ikandamizwe. Kwenye vifundo, kazi hupungua kasi kabisa: nyuzi hukizunguka kifundo kama mto unavyozunguka jiwe, na zikiachwa zimeinuka hapo, mzigo unapita pembeni. Ukikisawazisha kifundo ili mgongo upendeze, umezikata zote. Kwangua kukizunguka, tumia ncha ya kisu butu, na ukubali kwamba mgongo utakuwa na kinundu.

Ushahidi wa hekima hii ni wa zamani kuliko chuma chenyewe. Pinde za Holmegaard, zilizotolewa kwenye kinamasi cha Denmark mwaka 1944, zina umri wa miaka 9,000 hivi. Zilichongwa kutoka shina jembamba la mti uitwao elm, na mgongo wake ni uso wa chini ya gome, haukuchongwa. Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, ilikutwa na pinde zaidi ya 130 nzima, na mgongoni mwake mti mweupe wa nje wa mti wa yew umeachwa, pamoja na vinundu vya vifundo vilivyoinuka. Mafundi wa nyakati zilizoachana hivyo, wenye zana za jiwe na za chuma, walikubaliana kuhusu upande mmoja wa mti.

Huko Ulaya, hata hivyo, fundi aliyekosea ana njia ya kutorokea. Baridi huuachia mti pete moja kila mwaka, na mgongo ukijeruhiwa anaweza kuondoa pete nzima na kufuata ile ya chini yake kutoka ncha hadi ncha. Miti yetu mingi ya ukanda wa mvua haina pete za kuaminika. Viangazi viwili kwa mwaka vinaweza kuacha mistari miwili, au mmoja, au ukungu tu usiofuatika kwa jicho. Uso wa chini ya gome ndio mpaka pekee unaoonekana. Kwa hiyo fundi wa Kirotshe anatakiwa kuwa mwangalifu kuliko wa Denmark, si sawa naye.

Miti ambayo watu wa eneo letu pana waliichagua huenda inaonyesha kwamba urahisi wa kubambua gome ulizingatiwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao vifaa vyao viliandikwa kwa kina na mwanaanthropolojia James Woodburn katika kitabu cha Makumbusho ya Uingereza mwaka 1970, hutumia Dombeya na mkole, yaani Grewia. Pinde zao huhitaji nguvu ya karibu kilo 30 kuvutwa, nazo hufungwa upote wa kano za wanyama. Miti yote miwili ni ya jamii moja na mmea wa juti: gome lake la ndani ni nyuzi ndefu, ngumu, ambazo vijijini hutumika kama kamba. Gome la namna hiyo likilowekwa hutoka kwa utepe mzima na haling'ang'anii mti kwa mabaka. Sina sababu ya kuamini kwamba walichagua mti kwa sababu ya gome peke yake, lakini ni bahati inayorahisisha kazi, na Dombeya ile ya milima ya Masisi ina gome la ukoo huohuo. Kama ningepewa kuchagua kati yake na mkaratusi, ningeanza nayo.

Kaskazini, katika msitu wa Ituri, Waefe huwinda kwa upinde mfupi, mara nyingi usiofika mita moja, na upote wake ni utepe uliopasuliwa kutoka kekele, ule mtambaazi wenye miiba. Upinde mwembamba na mfupi hupindwa sana, kwa hiyo unene wake mdogo hauusamehe mkato mgongoni. Wilaya ya Walikale, nchi ya Wanyanga, kwa upande wake ilisifika zaidi kwa mitego na mbwa wa kuwindia kuliko kwa mishale. Hata Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga uliosimuliwa na Shé-Kárisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, silaha yake kuu ni usinga. Na Watwa, waliokuwa na ujuzi wa msitu kuliko wote, waliondolewa Kahuzi-Biega baada ya mbuga hiyo kuanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa hadi misitu ya Walikale mwaka 1975. Mtoto asiyeruhusiwa kuingia msituni hajifunzi mti upi hutoa gome lake vizuri na mwezi gani.

Gome likishatoka, kipande hakiko tayari, kwa sababu umekilowesha. Hewa ya Kivu yenye unyevu wa asilimia 75 hadi 80 huuacha mti na maji ya karibu asilimia 15 ya uzito wake mkavu, na hiyo ni nyingi kwa upinde. Mti wa namna hiyo hujikunja na kubaki umejikunja. Urudishwe juu ya moto wa jikoni, mgongo ukitazama juu ili joto lisiupige moja kwa moja, na upimwe kwenye mzani wa sokoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza.

Tezo linaingia sasa, na linaingia tumboni tu. Hesabu ya unene ni kali: ugumu wa upinde hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo kipande cha milimita 20 kikipunguzwa milimita 1 kinapoteza karibu moja ya saba ya nguvu yake. Kwa upinde wa kilo 30 hiyo ni kilo 4. Kabla ya kupinda kwa mara ya kwanza, pitisha pamba mgongoni, polepole, kutoka mshikio hadi ncha. Pamba ikinasa, kuna unyuzi umenyanyuka. Ukiwa mdogo, upake gundi, ubane, kisha zungushia kano iliyoloweshwa, upana wa vidole viwili kila upande wa jeraha, na uache ikauke na kujikaza. Ukiwa mrefu kuliko upana wa kiganja, tafuta kipande kingine, na safari hii ukikate Aprili, ulibambue gome siku hiyohiyo, kisha ukikaushe kivulini.